Bangili Iliyotamka Nafuu

Bwana Katabi alikuwa bado anajipangusa machozi kwa leso pale bangili yake ilipomuumbua. "Sinema hii imenichoma moyo, jamani," alisema, na bangili ikatamka kwa sauti nyororo: "Usingizi." Ua mzima ukaangua kicheko. Mzee wa watu akainamisha kichwa, akampa jirani yake kikombe, zamu ikaendelea.

Ndivyo Jumapili za Tabora zilivyokuwa mwaka 2094. Watazamaji wakitoka kwenye sinema ya alasiri walikaa uani kwenye mikeka, na kikombe kimoja cha kahawa chungu kikapita mkono kwa mkono. Mwenye kikombe ndiye msemaji. Alieleza picha ilivyomgusa, akapiga funda moja, wala hakuna aliyemkatiza. Desturi hiyo ilikuwa ya zamani. Kilichokuwa kipya ni kisomamoyo, bangili nyembamba iliyopima mapigo ya damu, jasho na joto la ngozi tangu mwanzo wa sinema hadi mwisho. Akili mnemba iliyokuwa ndani yake ilichambua vipimo hivyo, na msemaji alipomaliza, ilitaja hisia iliyozidi nyingine zote. Neno moja, basi.

Neno hilo moja lilikuwa uamuzi wa Mhandisi Nyamizi, aliyeibuni bangili hiyo. Wenzake walitaka bangili itaje hisia tatu, kwa kuwa moyo hauna chumba kimoja. Alikataa. "Mtu akiulizwa sinema ilikuwaje, hataki hotuba," aliwaambia. "Tuwape neno moja la kweli, unafiki uishe." Ukweli wa mwenzako ni mtamu kuusikia, kwa hiyo bangili ikapendwa upesi. Lakini mchimba kisima huingia mwenyewe.

Sinema ya Jumapili ile ilichaguliwa kwa kura, na Nyamizi hakujua inahusu nini mpaka taa zilipozimwa. Ilikuwa ya mama na mtoto mgonjwa. Mtoto aliteseka karibu picha nzima, kisha alfajiri moja akakata roho, na mama yake akaenda kufungua dirisha. Nyamizi alilia. Miezi kumi tu ilikuwa imepita tangu yeye na mumewe, Mihayo, wamzike binti yao Limi, aliyeugua mifupa kwa miaka mitatu, hadi ikafika mahali hata shuka lilimuumiza. Tangu msiba huo hawakuwa wamemtaja Limi hata mara moja. Walipishana nyumbani kama wapangaji, na kila asubuhi Nyamizi aliamka akihofu kwamba leo ndiyo siku mumewe atakayoondoka.

Kikombe kikamfikia. Mbele yake alikaa mama mkwe wake, Bi Kalunde, ambaye wiki ya matanga alisema hadharani kwamba mkwe wake ana macho makavu.

"Niliumia," Nyamizi alisema. "Niliumia sana." Akapiga funda.

"Nafuu," bangili ikatamka.

Hakuna aliyecheka. Bi Kalunde akashika kifua. "Nafuu? Mtoto anakufa, wewe unapata nafuu?"

"Mama, subiri kidogo," alisema Mihayo. Alikuwa amemgeukia mkewe na kumkazia macho kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama tangu mazishini. "Mama Limi, ni kweli?"

Ilikuwa kweli. Siku Limi alipoacha kupumua, kabla kilio hakijamtoka, Nyamizi alivuta pumzi ndefu kwa sababu mwanawe haumwi tena. Hakumwambia mtu. Sasa watu arobaini walikuwa wanamsubiri, na macho ya mumewe aliyaona ni macho ya hakimu.

"Si kweli," alijibu. "Imekosea. Mimi ndiye niliyeitengeneza. Mtu akilia mno, mapigo hushuka ghafla, bangili ikadhani ametulia. Ni hitilafu tu."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mhandisi akisema, nani abishe? Bi Kalunde akashusha pumzi. "Afadhali, mwanangu. Mzazi wa kuhisi hivyo si mtu, ni mnyama."

Zamu ikawa ya Mihayo. Alikipokea kikombe, akampa aliyefuata. Bangili yake, alisema, imeisha chaji.

Walipofika nyumbani jua lilikuwa linazama. Mihayo aliivua bangili, akaiweka mezani. "Nitengenezee na yangu," alisema. "Ina hitilafu hiyohiyo." Akaibonyeza.

"Nafuu."

Nyamizi alikaa chini. Alitamani kupiga yowe. Pale uani mumewe hakuwa akimhukumu. Alikuwa ameuliza akiomba ajibiwe ndiyo.

"Miezi kumi nimejiona shetani," Mihayo alisema. "Ilipotaja neno lako, nikasema moyoni, kumbe tuko wawili. Kisha ukatueleza habari ya mapigo." Akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Nimejaribu kuamini kwamba na mimi ni mapigo tu. Nimeshindwa. Mimi najua nilichohisi."

"Baba Limi, nilidanganya! Nilimwogopa mama. Alipoacha kupumua, mimi nilimshukuru Mungu kabla sijalia. Haki ya Mungu vile!"

Mihayo alimtazama kwa upole. "Una moyo mzuri. Unanifariji."

Nyamizi alikimbilia kompyuta, akavitoa vipimo vyake vyote vya siku ile. Nafuu asilimia thelathini na nne, huzuni thelathini na tatu, na upendo chini kidogo tu ya hapo. Hisia tatu zilikaribiana kiasi kwamba mpumbavu tu ndiye angechagua moja. Akamwekea mumewe karatasi mkononi.

"Hizi ni namba za mashine mbovu," Mihayo alisema. "Si umesema mwenyewe?"

Alifungasha nguo zake taratibu, akijitenga na mkewe kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Nyamizi alisimama mlangoni akimwambia ukweli, akarudia, akarudia tena, na kila aliporudia, Mihayo aliitikia kwa kichwa, akamshukuru kwa huruma yake.