Nilimfanya Shangazi Kuwa Mchawi wa Gemu Langu

Nina miaka ishirini na tisa, ni fundi simu hapa Majengo, Mpanda. Mkimaliza kusoma mnaweza kunitukana. Ninastahili.

Kutengeneza magemu ya simu ilikuwa burudani yangu tu, baada ya kazi. Nilijifunza mwenyewe kwenye kompyuta ya mtumba, nikikwama naanza upya. Kilichonisumbua ni kimoja... nitengeneze gemu la aina gani? La kilimo, la mpira, au la kutisha?

Shangazi yangu wa Kibaoni, dada wa baba, aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita, alitaka la kilimo. Nilipomweleza alicheka hadi akafuta machozi.

"Weka mpunga, baba. Weka na ndege, watu wahangaike kuwafukuza!"

Nilianza kweli. Rafiki zangu walipoliona wakapiga miayo, wakasema siku hizi watu wanataka kuogopa. Basi, nikachagua la kutisha!

Kuchora sijui. Nikapiga picha nyumba ya shangazi, nikampiga picha na yeye akiwa mlangoni, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote ile. Nikarekodi na sauti yake akisema, "Karibu, pita ndani." Hakuuliza ya nini. Angeuliza nini, kwani mimi si mwanawe?

Kwenye gemu langu, ukipita ndani hutoki.

Lilipendwa jamani! Likatoka simu hadi simu mpaka Kibaoni, na vijana wa huko wakaitambua nyumba. Mwanzoni walicheka. Halafu majirani wakaacha kwenda kuomba moto kwake... Habari zilinifikia, nikasema ni utani, utapita. Sifa zilikuwa zimenilevya.

Mvua zilipoanza, kichanga cha jirani kikafa kwa homa. Siku moja kabla, shangazi alikuwa amekipakata.

Nilipofika Kibaoni asubuhi, mkutano wa kijiji wa kumshtaki shangazi kwa uchawi ulikuwa umeshakaa. Nikawaonyesha simu, nikaapa kwamba yote ni ya kutunga, na mtunzi ni mimi. Mama wa kile kichanga akanitazama.

"Wanawake wote wa hapa, kwa nini ulimchagua huyu?"

Ningesema nini? Kwamba tangu utotoni nilikuwa nikiyaogopa macho yale? Na shangazi alikuwa amekaa palepale, anasubiri nijibu!

Mtu mmoja akasema, "Mnaona? Hata mtoto wa kaka yake anamjua."

Wakampa hadi jioni awe ameondoka. Nilimpakia kwenye pikipiki na kifurushi kimoja cha nguo. Hatujafika mbali, tukaona moshi ukitoka upande wa nyumba yake.

Hakunilaumu hata siku moja. Alikonda tu, akawa haongei, akafa kabla mpunga wake haujavunwa. Alikuwa ameomba azikwe kule kwao, pembeni ya kaburi la mumewe. Nilikwenda Kibaoni kuomba ruhusa, nikapiga magoti mbele za watu... Hata maiti waliikataa! Tukamzika Mpanda, watu saba.

Nawaomba nyie mnaojifunza kazi hii. Msichague aina ya gemu kwa sababu marafiki wamepiga miayo. Na mkichagua la kutisha, tungeni sura yenu na sauti yenu, msimchukue mtu aliyewafungulia mlango kwa upendo. Mimi gemu langu nimelifuta kwenye kompyuta yangu. Kibaoni bado wanalicheza.