Makoti Kumi na Saba

Jumanne ya tarehe 14 Januari, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, Bi Genowefa Kurek alisikia mtu akilia katikati ya makoti.

Alidhani ni mwanafunzi. Januari ni mwezi wa mitihani, na wanafunzi hulia. Akasogeza koti moja, akasogeza la pili, akamkuta Daktari Halina Wrzosek, mwalimu wa walimu kwa miaka thelathini, ameegemea ukuta na karatasi mkononi.

"Mwalimu! Kafa nani?"

"Mimi, Bi Genia," alijibu, akimfupishia jina kama walivyozoea chuoni. "Nimekufa kwa mbili nukta tisa."

Bi Genowefa alivuta kigoda, akamketisha. Yeye mwenyewe alibaki amesimama, maana magoti yake yakishakunjwa asubuhi hayakunjuki kirahisi. Alikuwa na miaka sitini na saba, na kumi na tisa ya hiyo ameimaliza hapo mlangoni, katika chumba cha makoti cha chuo cha ualimu cha Olszanka. Hakuna apitaye na koti. Unalitoa, unapewa kibati cha namba, unapanda ngazi.

Karatasi ile ilikuwa matokeo ya fomu za wanafunzi. Kila muhula wanampima mhadhiri kwa namba, kutoka moja hadi tano. Mwenye wastani chini ya tatu haongezewi mkataba. Na Alhamisi wakaguzi wa ubora walikuwa wanakuja, kwa hiyo mkuu wa kitivo alitaka majina ya wabovu yawe tayari mezani.

"Fomu thelathini na moja," alisema Halina. "Kumi na nne zimejaa moja. Moja tupu, juu hadi chini. Miaka yote nawafundisha wenzangu kumtazama mwanafunzi usoni, kumbe watoto kumi na nne wananichukia na mimi sikuona. Mkataba waache wauchukue. Lakini kama sikuliona hilo, nilikuwa nafundisha nini?"

"Walijaza lini?"

"Ijumaa. Ile ya theluji."

Bi Genowefa alifungua droo. Novemba koti la mtu liliibwa, na tangu hapo aliamriwa kuandika kila kibati kinachotoka na kinachorudi, pamoja na saa. Kazi ya kuchosha, lakini aliifanya. Akalowesha kidole, akafunua hadi tarehe 10. Siku hiyo mabasi ya vijijini hayakufika, na kipindi kilichofanyika kilikuwa kimoja tu, cha Halina, kuanzia saa tano na robo hadi saa saba kasorobo. Akahesabu makoti ya wanafunzi. Akarudia.

"Kitendawili, mwalimu."

"Sina nguvu ya vitendawili, dada."

"Tega sikio tu. Wageni kumi na saba wameingia nyumbani, na sahani zilizoliwa ni thelathini na moja. Nani kala zilizozidi?"

Halina aliinua macho mekundu; siku ile, kichwa kikimuuma, hakuwahesabu waliokuja. Kumi na saba ukizitoa katika thelathini na moja, zinabaki kumi na nne.

Saa tatu kamili mlango ulisukumwa, akaingia Zdenka Havrdová, mhadhiri wa hesabu, ambaye kila asubuhi huvuka daraja kwa miguu kutoka upande wa Ucheki. Alikuwa na miaka miwili hapo Olszanka na alitumia ofisi moja na Halina. Alivua koti lake la kijani, akaweka juu ya kaunta kifurushi cha keki za jibini.

"Kula, dada Genia! Mjukuu wangu Vojta kaleta moja ya hesabu, jana nimeoka mpaka mikono imeniuma."

Bi Genowefa alitaka kusema pole, lakini Zdenka alikwishageuka na kupanda ngazi bila hata kumwona Halina kule nyuma. Basi akaila ile keki, akawaza kwamba ng'ambo kule watoto wanadekezwa mno.

Saa nne na nusu alimkamata Bogna Sikora, kiongozi wa darasa, msichana mwenye kofia nyekundu. Yeye ndiye aliyekusanya fomu. Na yeye ndiye aliyefelishwa na Halina Desemba, akapayuka koridoni hadi ghorofa ya tatu.

"Bibi, unaniangalia kama polisi."

"Polisi wana viti vizuri kuliko mimi. Fomu ulizipeleka wapi?"

"Ofisini. Nikakuta pamefungwa, karani kaenda kula. Nikaziacha kwenye kisanduku cha barua cha Daktari Wrzosek, pale koridoni."

"Bahasha uliifunga?"

Bogna alitazama viatu vyake. "Gundi ilikauka. Na zile tupu nilizichanganya humohumo, sikuwa na pa kuziweka."

"Na zile moja kumi na nne?"

"Moja? Nani kaandika moja?" Msichana alifoka mpaka wapita njia wakageuka. "Nilimtukana yule mama, kweli. Nilifeli. Halafu akakaa na mimi Jumamosi tatu mpaka nikaelewa. Mimi nimempa tano, bibi, na kungekuwa na sita ningempa."

Daftari lilisema Bogna alichukua koti saa saba kasoro dakika tano. Karani alirudi saa nane, akaiona bahasha pale kisandukuni, akaibeba. Kwa hiyo bahasha ilikaa wazi kwa saa moja na dakika tano.

Aliyefuata kwenye midomo ya watu alikuwa Daktari Tymon Jarosz, kijana mwenye viatu vinavyong'aa. Halina akiondoka, vipindi vyake vyote vingekuwa vya Tymon. Alishuka saa sita mchana kuchukua koti.

"Bwana Tymon, umepata kusikia habari za mwenzako?"

"Nimesikia, na nimesikitika. Ila ulimwengu unabadilika, Bi Genowefa. Yeye anauliza swali, kisha anakaa kimya kama yuko kanisani. Wanafunzi wa leo wanataka kasi."

"Kasi wanayo. Wanafunzi wako wanakuja kuchukua makoti dakika kumi kabla ya kipindi kuisha, wananivunjia kaunta. Wake wanashuka wamechelewa, bado wanabishana, na nusu yao wananipa kibati kisicho chao."

Tymon alivaa glavu zake, akatoka. Bi Genowefa alitamani awe yeye. Ingekuwa rahisi, naye angerudi nyumbani kulala. Lakini daftari halikujali anachotamani: kibati namba nne, Ijumaa, kimerudi saa sita na nusu. Tymon aliondoka kabla kipindi cha Halina hakijaisha.

Halina alichukua koti saa saba kasoro dakika kumi, kichwa kinamuuma. Mkuu wa kitivo alikuwa mkutanoni na karani wake hakuwa amerudi. Kati ya makoti ya walimu lilibaki moja tu, la kijani, lililoondoka saa nane na dakika tano.

Bi Genowefa alifunga daftari na kujisikia mzee kuliko asubuhi. Zdenka? Zdenka aliyekuwa akimbebea Halina dawa ya mafua? Nani anamchoma kisu mtu anayemletea dawa?

Saa kumi jioni alifunga chumba chake, na badala ya kwenda nyumbani akavuka daraja. Maisha yake yote alikwenda ng'ambo kununua kabichi, hakuwahi kuuliza habari za shule zao. Dukani, binti wa mizani alimfungia kabichi kama kawaida.

"Mwanangu, huku kwenu mtoto akileta moja ya hesabu, anagombezwa au anapikiwa?"

"Anapikiwa, bibi!" Binti alicheka. "Akileta tano ndipo anajificha chini ya kitanda."

Kabichi ilimwelemea njia nzima ya kurudi.

Jumatano, saa tatu na nusu asubuhi, alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akipumzika kila kituo. Ofisini kwa mkuu wa kitivo, Profesa Leszek Mroczek, walikuwemo Halina, Tymon na Zdenka. Alikuwa ameomba waitwe wote.

"Bi Genowefa, wakaguzi wanakuja kesho," alisema Profesa. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kukosa usingizi. "Nina dakika kumi."

"Zinanitosha, Profesa. Ijumaa waliingia wanafunzi kumi na saba, daftari hili hapa. Fomu kumi na nne zimejazwa na mtu mmoja, kati ya saa saba kasoro dakika tano na saa nane. Fomu yako inasema 'andika namba, moja hadi tano'. Haisemi ipi ni nzuri."

"Kila mtu anajua ipi ni nzuri."

"Kila mtu wa upande huu wa daraja." Akamgeukia Zdenka, na sauti yake ikashuka. "Dada, Vojta ulimpikia keki kwa sababu alifeli?"

Zdenka alimtazama Halina, kisha zile karatasi mezani, na rangi ikamtoka usoni.

"Nimeandika nini?" alinong'ona. "Halina, mimi nimeandika nini?"

"Sema kwa nini," alisema Profesa.

"Kanuni yako! Wasipojaza theluthi mbili ya darasa, tathmini haihesabiki, na mhadhiri anaandikwa hana ushahidi wa ubora. Walihitajika ishirini na mmoja kati ya thelathini na mmoja. Nilipita koridoni, nikaona bahasha wazi na zile tupu ndani. Nilikuwa nimetoka kusahihisha karatasi sitini, macho yanafumba. Nikasema nimpe alama za juu, zote. Miaka ishirini na sita nilifundisha kwetu, Profesa. Mkono ukichoka, unarudi kuandika kama kwao."

"Lakini ni udanganyifu," alisema Tymon.

"Ni udanganyifu," alikubali Zdenka. "Nilipofika hapa darasa langu lilikuwa linalala. Huyu alikaa kiti cha nyuma muhula mzima, bila kuombwa. Akanifundisha kuuliza, kisha kunyamaza na kungoja. Mlipotaka kumpima kwa theluji, sikuvumilia. Jana nilipoambiwa kapata moja nyingi, nilidhani wanamsifu. Nikashangaa analia nini."

Profesa alichukua kalamu, akazifuta zile kumi na nne moja baada ya nyingine.

"Zilizobaki zina wastani wa nne na nusu, karibu," alisema kwa uchovu. "Lakini ni kumi na saba. Hazitoshi. Tunarudi palepale."

"Haturudi," alisema Bi Genowefa. "Bahasha iliguswa, hivyo zoezi zima ni batili. Lirudiwe kesho saa mbili asubuhi, kabla wageni wako hawajaamka. Bogna kishawaambia wenzake. Na juu ya fomu mwandike kwamba tano ndiyo nzuri, gharama yake ni wino."

Profesa aliitikia kwa kichwa. Kisha akamwambia Zdenka kwamba lazima aandike yote kwa mkono wake na kuyatia sahihi, na kwamba baada ya muhula huu hawezi kumwahidi chochote.

Alhamisi, saa moja na dakika hamsini asubuhi, Bi Genowefa alipokea makoti ya darasa lile. Ishirini na tisa. Saa tatu matokeo yalishuka ngazi kwa mdomo wa Bogna, kwa kelele: nne nukta sita.

Saa tisa alasiri Halina alishuka peke yake, akatoa kibati chake. Hakuonekana mshindi. Alionekana mtu aliyekosa usingizi siku tatu.

"Zdenka kaondoka?"

"Kitendawili," alisema Bi Genowefa. "Mwanangu ananing'inia kwa shingo tangu asubuhi, kijani kibichi, na mama yake hajaja kumchukua."

"Bado yuko juu?"

"Anafungasha vitabu. Nadhani anangoja wewe upite kwanza, asikutane na macho yako."

Halina alisimama. Alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote, akaufikia mlango. Hapo akarudi. Akaingia nyuma ya kaunta bila kuomba ruhusa, akalishusha lile koti la kijani kutoka kwenye ndoano, akakung'uta mabega yake vumbi.

"Nitangoja hapa," alisema. "Kungoja ndiyo kazi niliyomfundisha."

Bi Genowefa alimsogezea kigoda, kisha akachukua daftari. Kwenye mstari wa koti la kijani, mahali pa kuandika saa, aliacha wazi.