Soseji za Ghala la Bibi Hedwig

Kila asubuhi Marit aliamka akakuta nyumba kimya. Baba yake, dereva wa lori la maziwa, alikuwa ameshaondoka gizani. Mama yake alikuwa mji wa mbali akimuuguza bibi yake Marit. Basi Marit, msichana wa miaka kumi na miwili, alikula uji wake peke yake, akaosha bakuli moja na kijiko kimoja, kisha akakanyaga theluji hadi kituo cha basi la shule. Walikuwa wamehamia kijiji hicho cha jimbo la Wisconsin, Marekani, mwezi wa Februari. Sasa ilikuwa Novemba, na kiti cha pembeni yake kwenye basi kilikuwa hakijapata mtu.

Msimu wa kuwinda ulipofunguliwa, baba alimpeleka msituni, na Marit akaangusha kulungu wake wa kwanza, dume nono. Habari haina miguu lakini hutembea. Jumatatu, Klara wa darasani kwao alikuja kukaa naye kwenye basi bila kuombwa.

"We, eti umeangusha dume? Hebu acha uongo!"

"Kweli. Muulize baba."

"Basi Jumamosi njoo ghalani kwa bibi yangu. Majirani wote huleta nyama, tunaisaga pamoja, tunatengeneza soseji. Lete na yako!"

Marit alifurahi mpaka akasahau kushuka kituoni.

Tatizo lilikuwa moja. Baba alikuwa amepeleka kichwa cha yule kulungu kwenye sanduku la wapimaji kando ya barabara, maana ugonjwa wa kukondesha kulungu ulikuwa umeingia katika misitu yao. Mnyama mgonjwa hukonda akabaki mifupa, lakini miezi ya mwanzo huonekana mzima kabisa.

"Nyama ikae kwenye friza mpaka majibu yatoke," baba alionya. "Hatujasikia mtu aliyeugua kwa kuila, lakini wataalamu wanasema tusiile. Na ugonjwa huo haufi kwa kupikwa."

Jumamosi baba alikuwa kazini. Marit alipakia kilo nane za ile nyama kwenye kigari cha kuteleza juu ya theluji, akakiburuta hadi ghalani. Mlangoni alisimama Bibi Hedwig, aproni kifuani, akimuuliza kila aliyeingia swali lile lile.

"Imepimwa, mwanangu?"

"Ndiyo, Bibi. Ni safi."

Nyama ya familia nne ikaingia kwenye mashine moja. Watu walicheka, wakataniana, wakamwita Marit mwindaji. Naye alitabasamu, lakini kila mpini wa mashine ulipozungushwa aliukumbuka uongo wake. Ajabu ni kwamba katikati ya watu wote wale alijiona mpweke kuliko alivyokuwa jikoni kwao. Soseji zikatundikwa kwenye kibanda cha kukaushia nyama kwa moshi, ili zigawanywe Jumamosi iliyofuata.

Alhamisi jioni baba alipokea simu ya wapimaji. Akasikiliza, akashukuru, akaiweka chini.

"Bahati mbaya, binti yangu. Dume wako alikuwa mgonjwa. Nyama yote ya kwenye friza tutaitupa."

Marit alijua friza haikuwa na nyama yote. Angenyamaza, nani angejua? Klara angeendelea kukaa naye kwenye basi. Lakini akawaza wadogo zake Klara Jumamosi wakila mkate kwa zile soseji. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Akamweleza baba yote huku analia. Baba hakumpigia kelele. Alichukua funguo za gari tu.

Bibi Hedwig aliwasikiliza amesimama. Klara alikuwa nyuma yake.

"Kazi ya siku nzima!" Klara alifoka. "Na kulungu wa babu pia yumo! Mwongo mkubwa wewe!"

"Klara, nyamaza kidogo," alisema Bibi. Akaenda kibandani, akaanza kuzishusha soseji moja moja na kuzitia kwenye mifuko ya kutupa. Zilikuwa nyekundu, zinanukia vizuri. Ilimchukua muda mrefu.

Alipomaliza alimgeukia Marit.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Niliogopa, Bibi. Bila nyama nisingekaribishwa."

Bibi Hedwig aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nisikilize, mjukuu wangu. Ungesema haijapimwa, ningekwambia irudishe kwenye friza, uje mikono mitupu. Mimi watu siwapimi kwa kilo. Ulitaka kuwa pamoja nasi, ukatuletea uongo, na uongo ndio uliokutenga. Sisi hapa hulishana. Anayemlisha mwenzake chakula asichokijua, amecheza na uhai wake. Leo umesema ukweli kabla hatujala. Umechelewa, lakini umewahi."

Mashine ililazimika kufunguliwa kipande kwa kipande, isuguliwe na kulowekwa kwenye dawa kali. Marit alivaa glavu akaanza, machozi bado yanamtoka. Alidhani wengine wameshaingia ndani.

Ndipo Klara akaja, akavuta ndoo, akaketi upande wa pili.

"Bado nimekukasirikia," alisema. "Nipe hiyo brashi."