Mupaka ni Fasi Yenye Nasimama

Jirani mmoja wa upande wa Lac Vert, Papa Théogène, aliiba ardhi kwa adabu. Kila masika alikata vijiti vya miyenzi, ile mimea ya maziwa meupe tunayoifanya uzio, akavichomeka mbele kidogo, ndani ya bustani ya kartiye, mali ya mtaa mzima. Miyenzi hushika hata kwenye mawe ya volkano. Mwishowe uzio ukafika kwenye goli la watoto, na yeye bado anasalimia watu kanisani kwa mikono miwili.

Siku shefu wa kartiye alipokuja kukata maneno, yaani kuamua kesi ya mpaka, ilikuwa asubuhi kama nyingine, nguo zimeanikwa juu ya mawe. Shefu akataka desturi ya wazee: anayedai abebe bonge la udongo kichwani, autembee mpaka wote, aape. Mama Bénédicte, mke wa Théogène, alimnong'oneza mumewe arudishe tu bustani, nyumba yao inawatosha. Alimdharau, ndiyo, lakini mume alikuwa huyo huyo.

Théogène akacheka. Hata kutembea aliona uvivu. Alisimama hapo hapo, udongo ukimchuruzika masikioni, akatamka:

"Mupaka ni fasi yenye niko nasimama."

Mpaka ni popote anaposimama? Watu wakaguna. Shefu, aliyekwisha kunywa bia ya Théogène, akasema imekwisha.

Kesho yake Bénédicte alikuta miyenzi imeota jikoni, pale mumewe aliposimama kunywa chai. Imepasua sima, saruji ya sakafu. Akaing'oa. Jioni ikaota mlangoni. Jumapili ikaota kanisani, aliposimama kuimba, na waumini wakahama benchi.

"Papa, rudisha neno yako," alimnong'oneza. "Uende kwa shefu, useme ulidanganya."

"Mbele ya batu? Bora nikufe."

Badala ya kutubu, akabuni ujanja: asisimame tena. Akawa anakaa, analala, au anatembea. Mwanaume mzima, anazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mkewe alitaka kucheka. Hakuweza.

Alasiri moja, ukungu umeshuka, alimsikia akizunguka nje bustanini. Hatua zikawa nzito. Zikapungua.

Zikasimama.

Bénédicte akatoka. Hakuona mtu. Aliona miyenzi, mirefu kuliko yeye, imefunga duara jembamba lisilo na mlango. Akaita jina.

Ndani, kikohozi. Cha mumewe.

Vijana wakaja na panga, wakakata mpaka maziwa yakawatiririka mikononi. Katikati palikuwa na mawe makavu tu. Shefu, haraka sana safari hii, akatangaza kwamba bustani ni ya watu wote, na uzio ukang'olewa hadi ukutani kwa Bénédicte. Haukuota tena.

Watoto sasa wanacheza mpira pale. Ila walio wadogo kabisa, hata waliozaliwa baada ya mambo hayo, wakifika katikati hupunguza mbio. Wanazunguka mahali pasipo na kitu, wameinamisha kichwa kwa heshima.

"Pardon, papa," wanasema, kama wanaomba njia kwa mtu aliyesimama, na kupita.