Kidole cha Mwisho

"Nyeupe, wako wawili mlangoni. Wakitaka kukupekua, geuka urudi."

Sauti ya Kamishna Ghazouani ilitoka kwenye kidude kidogo kama punje ya dengu, ndani ya sikio la Itto, chini ya mtandio.

"Hawatanipekua," alinong'ona. "Niko edani."

Kanzu jeupe la jellaba, mtandio mweupe, viatu vyeupe. Tanja nzima inajua maana yake: mjane. Mlinzi wa kwanza aliinamisha kichwa. Wa pili, Laarbi, aligeuza uso kama aliyeonyeshwa kaburi lake.

Alikuwa na sababu.

Laarbi ndiye aliyekuwa akimvujishia siri za genge Idder, mume wa Itto na askari kanzu kama yeye. Jina lake na picha yake vilikuwa kwenye kompyuta ya Idder. Idder aliuawa, kompyuta ikaporwa. Ikifunguka leo, Laarbi haioni magharibi. Na kama askari wangevamia mapema, mmoja wa genge angeruka nayo dirishani hadi kwenye boti.

Itto alipanda ngazi. Ghala la dagaa wa makopo lilinuka mafuta na chumvi.

Haji Bouselham, muuza bunduki aliyejiita muuza samaki, alisimama kumpokea.

"Mungu akupe subira, Lalla Itto. Mumeo alikuwa mtu wa watu."

"Amin, Haji. Mmesema kompyuta yake imeonekana. Nataka picha zetu tu. Mimi fundi cherehani, hayo mengine siyajui."

Waliamini. Hata majirani waliamini.

Fundi wao, Zouhair, alikuwa na macho mekundu kwa kukesha. "Namba ya siri imejifunga. Kamera inataka uso wa mtu hai, tumeionyesha picha yake imekataa. Kimebaki kidole."

"Na kidole tumekizika," Bouselham alifoka. "Punda wewe, ungefikiria hilo kabla!"

"Haji, kwani mimi ndiye niliyefyatua?"

Bouselham alikohoa. Itto alitazama sakafu.

"Aliniwekea na changu," alisema polepole. "Alisema mimi msahaulifu wa namba."

Zouhair aliruka. "Cha shahada, bila shaka. Lete mkono!"

"Usimguse!" Bouselham alimpiga kofi la kisogo. "Mwanamke yuko edani, unatuletea nuksi? Aweke mwenyewe."

Itto alisogea.

Alimkumbuka Idder jikoni, unga wa mkate mikononi, akimfundisha. Cha shahada kinafungua nyumba yetu yote, mke wangu. Cha mwisho kinaita askari na kuichoma. Alicheka siku ile. Nani achome nyumba yake?

Cha shahada: harusi yao, safari ya Shefshaweni, sauti ya Idder akiimba vibaya makusudi. Hakuna nakala popote. Na nyuma ya hayo, uso wa Laarbi.

"Tunasubiri ishara," Kamishna alisema sikioni.

Alisita, mkono juu ya kompyuta. Wanaume wale walidhani ni majonzi.

Yalikuwa majonzi.

Akabonyeza kidole cha mwisho.

Kioo kiliwaka. Picha moja tu: yeye, amesinzia kwenye kochi, mdomo wazi, sindano na uzi bado mkononi. Hakuwahi kuiona. Hakujua kuwa Idder aliwahi kumpiga picha hiyo.

"Imefunguka!" Zouhair alipiga magoti. "Sasa... mbona hamna kitu humu?"

Picha ikafifia. Kioo kikawa cheusi.

"Umefanya nini, Lalla?"

Bastola ya Beretta ilichomoza kwenye mkono wa jellaba la Itto.

"Keti, Haji. Na usiniguse. Nuksi."

Buti zilikuwa tayari kwenye ngazi. Zouhair alikimbilia dirishani, akakuta kofia za askari chini. Bouselham aliketi.

Mlangoni, Laarbi alikuwa amefungwa pingu kama wenzake. Itto alipompita, alisikia pumzi yake.

"Lalla, wanangu..."

"Utakula nao kesho. Leo nuna, uonekane jambazi."

Laarbi alinuna. Machozi yakamharibia kazi.

Nje jua lilikuwa kali.

"Nyeupe," sauti iliita. "Umepata picha zako?"

"Hapana."

"Mungu amrehemu, binti yangu."

"Amin. Mpeni Laarbi maji, ana kiu."

Alikichomoa kidude sikioni. Akateremka kuelekea bandarini, akipita wakaanga samaki, nao wakampisha njia. Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni. Wa kushoto alikuwa ameukunja, kidole cha mwisho kikiwa ndani ya ngumi, na hakuufungua mpaka alipofika nyumbani.