Ukurasa Uliochanwa Kwenye Kamusi

Kila siku alasiri, Josepha alipomaliza kumsaidia baba yake kupanga magunia ya maharage dukani, Mtaa wa Sikukuu, alivuka barabara na kupanda ngazi hadi kwa Babu Natvarlal. Mzee huyo alikuwa wakili mstaafu. Sebuleni kwake kulikuwa na kamusi kubwa ya Kiingereza, nzito kama tofali, iliyoeleza hata asili ya maneno. Shuleni kwa kina Josepha hapakuwa na kamusi kama ile. Watoto wa jirani waliruhusiwa kuisoma, mradi wawe wamenawa mikono.

Mwaka ule, 1975, mwalimu wa Kidato cha Pili aliwapa wanafunzi maneno matatu adimu ya Kiingereza yanayohusu giza. Ambaye angeeleza vizuri maana yake na asili yake ya Kilatini ndiye angeiwakilisha shule kwenye mashindano ya Morogoro. Kila mtu alijua kwamba ushindani ulikuwa baina ya wawili: Josepha na rafiki yake Urmila, mjukuu wa Babu Natvarlal.

Jumatano Josepha alikuta sebule tupu. Akanakili haraka. "Crepuscular": la utusitusi wa jioni, kutoka crepusculum. "Caliginous": la giza zito kama ukungu, kutoka caligo. Alipofika "tenebrous", akasimamisha kalamu. Urmila alikuwa amemwambia asubuhi kwamba hilo bado hajalitafuta. Josepha akatazama mlangoni. Kimya. Akaushika ukurasa, akauvuta taratibu mpaka ukaachia, akauficha ndani ya daftari.

Kesho yake, akiwa bado kwenye ngazi, alisikia sauti kali ya Babu Natvarlal.

"Ukurasa umechanwa, na wewe ndiye unayeshinda na kamusi hii kutwa, Sadalla! Na wewe ndiye unayesokota tumbaku kwa karatasi!"

Mzee Sadalla, mpishi na mfagiaji wa nyumba ile, alisimama katikati ya sebule, kofia mkononi. "Mzee, miaka kumi na tisa nimekifuta vumbi kitabu hiki. Kiingereza sikijui, lakini thamani ya kitabu naijua."

"Chukua vitu vyako uende!"

Urmila alikuwa analia. Josepha alihisi mkoba wake umekuwa mzito kama gunia. Akageuka, akashuka ngazi mbili mbili. Alisimama chini hadi Mzee Sadalla alipotokea na kikapu chake cha nguo.

"Shikamoo, Mzee Sadalla," alisema kwa shida.

"Marahaba, mwanangu. Mbona unarudi? Panda ukasome. Ugomvi wa wazee usikukoseshe masomo."

Josepha akashindwa kuvumilia. Akamshika mzee mkono. "Usiende! Tafadhali, turudi juu."

Mbele ya wote alifungua daftari, akautoa ukurasa.

"Ni mimi, Babu. Nilitaka Urmila asilipate neno la tatu."

Urmila alimkodolea macho. "Ungeniambia tu, Josepha, tungelisoma pamoja."

Babu Natvarlal aliketi kwa uzito. Kisha akainuka tena, akamwendea mpishi wake. "Sadalla, ndugu yangu, nimekuhukumu bila ushahidi. Mimi, wakili! Nisamehe."

"Nimekusamehe, Mzee," alijibu Sadalla. "Lakini leo chai mtapika wenyewe."

Ijumaa Josepha alimweleza mwalimu yote. Alifutwa kwenye mashindano, akakaripiwa vikali mbele ya darasa. Urmila ndiye aliyechaguliwa kwenda Morogoro.

Jumamosi Josepha alikuja na gundi. Alipomaliza kuubandika ukurasa, Babu Natvarlal akamwambia, "Sasa nisomee asili ya neno ulilolichana."

"Tenebrae," alisoma Josepha. "Giza. Halina umoja, huwa katika wingi tu."

"Umeona? Kwa Walatini, giza halikuja moja. Ulianza na wivu. Wivu ukaleta wizi, wizi ukaleta kunyamaza, na kunyamaza kukataka kumfukuzisha mtu asiye na kosa. Ukikosea, mjukuu wangu, sema siku hiyo hiyo, kosa likiwa bado moja."

"Nimekuelewa, Babu."

"Basi nenda jikoni ukamsaidie Mzee Sadalla kumenya viazi. Hajakuona tangu juzi, na ameniuliza habari zako mara mbili."