Wivu wa Mpiga Tarumbeta

Foleni ya fundi viatu ilikuwa imefika hadi mlangoni mwa duka la dawa, na kila aliyesimama humo alikuwa na haraka zake. Magari yalipiga honi, wachuuzi walipaza sauti, na fundi mwenyewe, misumari midogo mdomoni, aliwajibu watu kwa kutikisa kichwa tu. Kwenye benchi lake alikaa msichana mwembamba, suruali ya mazoezi ya buluu, fulana nyeupe iliyolowa jasho mgongoni, mguu mmoja una kiatu, mwingine peku, anauning'iniza kama mtu aliye barazani kwao. Hapo ndipo alipotokea kijana mmoja ndani ya sare nyekundu ya bendi ya jiji, vifungo vinametameta kifuani, buti mkononi, ndala miguuni.

"Afande," msichana alisema, akimpima kuanzia kofia hadi chini, "leo unamkamata nani na ndala hizo?"

Foleni nzima ikacheka.

"Mimi si afande, dada. Ni mpiga tarumbeta."

"Kumbe mtu wa harusi!"

"Na wa misiba, na wa wageni wa serikali. Wewe je?"

"Mimi nakimbia."

"Unamkimbia nani?"

"Wanaume wenye ndala."

Basi kijana akawa amekwisha. Wenzake kwenye bendi walimwita Shaba, kwa jinsi alivyolisugua tarumbeta lake hadi ukaweza kunyolea ndevu mbele yake. Yule msichana aliitwa Swala, kwa kuwa kocha wake alikuwa na tabia ya kuwabandika wakimbiaji wake majina ya wanyama na ndege. Mwezi haukuisha kabla Shaba hajaihifadhi ratiba ya mazoezi ya Swala vizuri kuliko kocha, na Swala akawa anaijua sauti ya tarumbeta lile hata likiwa katikati ya mengine.

Raha hiyo ilikuwa na doa moja, nalo lilikuwa refu, lina mabega mapana na meno meupe. Timu ya Swala ilikuwa ya kupokezana vijiti, wanaume wawili na wanawake wawili. Swala alikimbia wa tatu, na aliyempokea kijiti alikuwa Twiga. Katika mbio hizo mpokeaji hatazami nyuma. Ananyoosha mkono tu, na anayekuja anakibandika kijiti kiganjani mwake. Watu wengine waliona ufundi. Shaba, akiwa jukwaani na mfuko wa karanga, aliona mambo mengine kabisa.

"Mbona anakuminya vidole?"

"Anashika kijiti, mpenzi."

"Kijiti kina urefu wote ule, yeye anashika palipo na vidole vyako?"

Swala alicheka hadi akakaa chini. "Laazizi wangu, ningekuwa na nafasi ya kumpenda mtu nikiwa kwenye kasi ile, ningekuwa nakimbia polepole sana."

Shaba naye akacheka, lakini ndani kulikuwa kunafuka moshi. Wako wanaosema wivu ni dalili ya mapenzi. Hao hawajawahi kukaa mezani na mtu anayehesabu mara ulizotabasamu ukisoma ujumbe. Dada mkubwa wa Shaba, aliyekuwa akiishi naye, alimwambia wazi: "Mdogo wangu, nenda taratibu. Utakuja kumwonea wivu hata fundi viatu."

"Fundi viatu ni mzee."

"Unaona! Umeshamfikiria!"

Kisha ukaja msiba. Mdogo wao katika timu, mkimbiaji wa akiba, binti waliyemwita Chiriku kwa kuongea bila kituo, alianguka mazoezini juani mchana. Pale uwanjani hapakuwa na muuguzi, hapakuwa na gari, hapakuwa hata na maji ya baridi. Twiga alimbeba mgongoni hadi barabarani, akasimamisha gari la mboga, na binti akakata roho katikati ya magunia ya kabichi. Chama cha riadha kikatangaza redioni kwamba marehemu alikuwa ameficha ugonjwa wake, na habari ikafungwa hapo. Swala alikuja kwa Shaba jioni hiyo, kitambaa kimemdondoka mabegani, akalia hadi sauti ikakauka. Shaba alimkalisha, akampa maji, akamfuta machozi, akamuuliza maswali.

Baada ya mazishi simu zikaanza. Chakula kimepakuliwa, simu inalia, Swala anatoka uani.

"Nani huyo?"

"Twiga."

"Anataka nini?"

"Mambo ya timu."

"Mambo gani ya timu yasiyosemeka mbele ya mchumba?"

Swala alimtazama kwa muda, kama mtu anayepima mzigo. "Mengine siwezi kukwambia sasa, kipenzi. Niamini."

Alimwamini? Hata kidogo! Alipita mtaa wa mazoezi akijifanya anakwenda kwingine, akawakuta Swala na Twiga wamekaa pembeni, vichwa vimekaribiana, wananong'ona. Walipomwona wakanyamaza. Kwa mtu kama Shaba hapo kesi ilikuwa imeshasikilizwa na hukumu imetoka.

Siku ya mashindano ya taifa uwanja ulifurika. Bendi ya jiji ilikuwa na ada yake: mstari wa kwanza wa wimbo wa taifa hupigwa na tarumbeta moja peke yake, na bendi nzima huingia pale tu tarumbeta hilo linapomaliza. Kazi hiyo ilikuwa ya Shaba. Alisimama mbele ya wenzake, kola imepigwa pasi ikasimama, akavuta pumzi na kuanza. Maelfu ya watu waliinuka. Na kule chini, kwenye mstari wa kuanzia, wakimbiaji wanne wa kijiti wakapiga magoti, wakainamisha vichwa na kushikana mikono.

Mtu mwingine yeyote angeona wanariadha wanaogoma. Shaba aliona vidole. Vidole vya Swala vimefumwa na vya Twiga, mbele ya umma, bila haya! Pumzi ikamkatika. Tarumbeta likatoa sauti ya mbuzi aliyekanyagwa, kisha likanyamaza. Ngoma zikamsubiri, filimbi zikamsubiri, mkuu wa bendi akabaki na fimbo yake hewani, kwa maana bila ile noti ya mwisho hakuna aliyeruhusiwa kuingia.

Kimya kile kilitanda uwanja mzima. Watu wakatazama waliopiga magoti, wakamtazama mpiga tarumbeta aliyeteremsha ala yake, wakaelewa wanavyoelewa watu. Mmoja akavua kofia, halafu jukwaa zima, halafu makofi yakalipuka. "Chiriku! Chiriku!" Jioni redio zote zilikuwa zinamsifu mwanamuziki shujaa aliyekataa kuupigia wimbo uongo wa chama cha riadha.

Swala alimkuta mlango wa nyuma wa uwanja, bado yumo ndani ya nguo za mbio, vumbi magotini. Akamrukia shingoni.

"Shaba wangu! Nilikuficha, nikaogopa ukijua mapema watakuponza kazini. Simu zote zile, minong'ono yote ile, ilikuwa hii tu. Kumbe hukuhitaji kuambiwa!"

Shaba alifungua mdomo aseme ukweli. Akanusa nywele zake, akaufunga.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu na chungu kwa pamoja. Fundi viatu alimpitisha mbele ya foleni. Wanawake sokoni walimwita "mwanangu". Swala alimpigia asubuhi kumwambia "umeamkaje, shujaa wangu," akampigia mchana kumwuliza shujaa amekula. Na hapo wivu wake, usiokosa kazi, ukapata mtu mpya. Alianza kumwonea wivu yule mpiga tarumbeta jasiri. Busu zilikuwa za yule. Macho yale yenye maji yalikuwa yanamtazama yule. Yeye mwenyewe, wa karanga na vidole, hakuna aliyekuwa anamtafuta.

Mkuu wa bendi alimwita ofisini na kufunga mlango. "Sema ulipaliwa na mate. Nitakutetea."

"Sikupaliwa, mzee. Nilishikwa na wivu."

Akamsimulia yote. Mkuu alicheka hadi akavua miwani, kisha akaacha kucheka ghafla. "Usimwambie mtu, aibu hii ni ya bendi nzima. Siku ya fainali utapiga tena. Ukileta mchezo wa aina yoyote, rudisha sare na tarumbeta."

Jumamosi Swala alikuja amevaa gauni jeusi, kitambaa cheusi amekifunga vizuri. "Twende. Mama yake Chiriku anataka kukushukuru kwa mdomo wake mwenyewe."

 Walipofika mbele ya geti la bati, Swala akainua mkono kugonga, na Shaba akaushika.

"Siwezi kuingia. Sikunyamaza kwa ajili ya Chiriku. Niliona umemshika Twiga mkono, pumzi ikanikatika. Ni hilo tu. Ni wivu."

Swala hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Siku alipokufa," alisema, "nilikuja kwako. Nilikusimulia yote, tangu alivyoanguka mpaka kwenye gari la mboga. Unakumbuka uliniuliza nini?"

Shaba alikumbuka. Alitamani ardhi immeze.

"Uliniuliza, Twiga alikukumbatia ulipokuwa unalia? Hilo ndilo swali lako. Mtoto amekufa, Shaba! Nikasema labda ni mshtuko, nikakusamehe. Halafu ukanyamaza pale uwanjani, nikasema, tazama, kumbe alinisikia. Kumbe hukunisikia kabisa."

"Nakupenda, Swala."

"Unanilinda. Hata mbwa analinda. Mimi nilitaka mtu wa kunisikiliza."

Akagonga geti, akaingia peke yake.

Simu za Shaba hakuzipokea. Dada yake Shaba, aliyezoea kumtania, safari hii alimwekea chai tu na kumwacha. Mwisho Shaba alirudi mwenyewe kwenye geti lile la bati, bila sare. Mama wa marehemu alikuwa anaanua nguo.

"Wewe ndiye uliyenyamaza kwa ajili ya mwanangu?"

"Hapana, mama. Watu walinidhania hivyo. Mimi simjui mwanao. Nimekuja kuomba unisimulie habari zake."

Mama alimtazama sana, akamvutia kigoda. Akamsimulia: jinsi Chiriku alivyotumwa dukani akarudi kabla hujakumbuka ulichosahau kumwagiza, alivyoongea hata usingizini, alivyokuwa akimfungia mama yake kamba za viatu kwa sababu mgongo ulikuwa unamsumbua. Akamwonyesha viatu vyake vya mbio, vimesafishwa. Shaba alisikiliza mpaka kivuli cha ukuta kikavuka ua. Alipokuwa anarudi kwao alilia njiani, mtu mzima, mbele za watu, na katika kulia huko hakumfikiria Twiga hata mara moja.

Fainali ikafika. Chama kilikuwa kimeonya: atakayepiga goti, hatakimbia tena. Shaba alisimama mahali pake, mkuu wa bendi akimkodolea macho. Akapiga mstari wote, safi, hadi noti ya mwisho, na bendi ikaingia kwa kishindo. Kule chini wakimbiaji wawili walibaki wamesimama, nyuso zimeinama kwa aibu na hofu. Swala na Twiga wakapiga magoti. Kushoto kwa Swala, mahali ambapo mtu wa tatu angekaa, palikuwa na viatu vya Chiriku, vimefungwa kamba.

Shaba alilaza tarumbeta lake juu ya kiti. Akavua kofia, akaiweka pembeni yake. Mkuu wa bendi alitikisa kichwa, usithubutu, lakini mikono yake ilikuwa kazini na hakuweza kumzuia. Shaba akashuka ngazi, akaukanyaga uwanja, huku wimbo ukiendelea nyuma yake bila yeye na jukwaa likianza kuvuma. Upande wa Swala ulikuwa wa Chiriku, hapakuwa na nafasi. Akazunguka upande wa pili, akapiga goti kando ya Twiga, akampa mkono. Twiga akaupokea bila kugeuka.

Swala alisema kwa sauti ya chini, macho yake chini: "Watakufukuza kazi."

"Wameshanifukuza. Nimemwona mkuu usoni."

"Umekuja kutuchunga?"

"Nilikwenda kwa mama yake Chiriku. Alinionyesha hivyo viatu. Nimekuja kwa ajili yake."

 Bendi ilikuwa inamalizia, na askari wa uwanjani wawili walikuwa wameanza kuja upande wao, wanatembea kwa kusitasita.

"Shemeji," Twiga alinong'ona, "legeza kidogo. Hicho ndicho kiganja cha kupokelea kijiti."

Shaba alilegeza. Kisha akachungulia kumtazama Swala, aone kama atalikanusha neno lile la "shemeji". Swala alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanamdondokea gotini, mabega yanamtikisika kwa kicheko alichokuwa anajitahidi kukizuia, na hakulikanusha.